Meza na Viti vya Kulia Nje: Jinsi ya Kuchagua Seti Itakayodumu na Kukalika

Kula nje si jambo geni kwetu. Futari barazani, mkeka uani jioni jua likipungua, sinia la pilau chini ya mwembe siku ya Idi au ya Krismasi: hayo tumeyakuta. Kilichobadilika ni kwamba nyumba nyingi za mjini sasa zinajengwa na kibaraza kipana, na wenye nyumba wanataka kukiwekea meza na viti vya kudumu. Wengi wanakuta kwamba seti iliyouzwa kama ya nje imetengenezwa kwa akili ya sebuleni. Masika yakipita, miguu inaanza kucheza, vanishi inabanduka na skrubu zinaliwa na kutu.

Mwongozo huu unalenga hasa mwambao, kuanzia Mtwara, Dar es Salaam na Zanzibar hadi Tanga na Mombasa, kwa sababu huko samani za nje hupambana na mambo matatu kwa pamoja: jua, mvua na chumvi ya bahari. Anayeishi bara ataepushwa moja kati ya hayo matatu, ila mengine yanamhusu vilevile.

Kabla ya hatua zenyewe, shika kanuni hii: samani za nje hazianzi kuharibika katikati ya ubao. Zinaanzia kwenye viungo, kwenye skrubu na kwenye ncha za miguu. Fedha yako ianzie huko, sura ifuate.

Hatua ya 1: Kichunguze kibaraza chako kabla ya kwenda dukani

Simama barazani mvua ikinyesha uone maji yanafika wapi. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo ukiwa mkali, mvua haishuki wima. Inalala na kuingia ndani ya kibaraza hata kama paa limetokeza. Kama hujapata mvua ya kuangalia, tazama ukuta: madoa ya tope na rangi iliyofifia chini yatakuonyesha maji yanapopiga. Kisha mwaga ndoo ya maji sakafuni. Yakituama mahali, usipange miguu ya meza hapo.

Jua nalo lina njia yake. Kibaraza kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima, saa zile zile ambazo watu wanataka kukaa nje. Hapo unahitaji pazia la mianzi, makuti au mwavuli, na unahitaji vifaa visivyopauka upesi.

Kuhusu chumvi, huna haja ya kupima umbali hadi baharini. Kagua nondo za madirisha, bawaba za geti na kufuli la nje. Kama vimeshika kutu ndani ya mwaka mmoja au miwili ingawa vilipakwa rangi, basi viti vya chuma cha kawaida vitafuata njia hiyo hiyo.

Kwa wa Arusha, Iringa au Nairobi, hali ni tofauti. Chumvi haipo, lakini jua la nyanda za juu ni kali kwa ngozi na kwa plastiki, na kiangazi kikavu hupasua mbao ambayo haikukaushwa vizuri.

Hatua ya 2: Pima nafasi na idadi ya watu

Chukua futi kamba na chaki. Kila mlaji anahitaji upana wa sentimita 60 mezani ili viwiko visigongane. Kwa hiyo meza ya mstatili ya urefu wa sentimita 180 inatosha watu watatu kila upande, na wengine wawili wakikaa kwenye ncha, mradi miguu ya meza isiwazuie. Meza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 90 inafaa watu wanne, ya 120 watu sita, na ya 150 watu saba hadi wanane.

Upana wa meza ndio watu wanaoukosea zaidi. Vipimo vya katalogi mara nyingi ni sentimita 80, vinavyomfaa mtu anayepakua jikoni na kuja na sahani yake. Sisi chakula tunakiweka katikati. Sinia la kipenyo cha sentimita 50, sahani ya sentimita 25 upande huu na nyingine upande wa pili, jumla ni mita moja kamili, na bado hujaweka bilauri wala bakuli la kachumbari. Kama kwenu mnakula kwa sinia au mabakuli makubwa, tafuta meza isiyopungua sentimita 100 kwa upana.

Sasa chora meza hiyo sakafuni kwa chaki. Kuanzia ukingo wa mchoro hadi ukutani au kwenye nguzo, acha sentimita 90 ili mtu aweze kusukuma kiti nyuma na mwingine apite na chombo chenye chakula cha moto bila kumwomba mwenzake asogee. Nafasi isipotosha, punguza viti upande wa ukuta na uweke benchi: benchi husukumwa chini ya meza chakula kikiisha.

Hatua ya 3: Chagua malighafi kulingana na ulichokiona

*Mbao.* Kwa meza ya kulia nje, mbao nzuri ngumu bado haina mpinzani kwetu, kwa sababu inapatikana, fundi anaijua, na ikichakaa inapigwa randa na kurudi kuwa mpya.

Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, una mafuta yake ya asili yanayozuia maji na wadudu. Tanzania ina mashamba ya miti hiyo Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero. Ni mbao ya kupandwa, kwa hiyo ukiinunua hujagusa msitu wa asili. Msaji uliovunwa ukiwa mchanga una moyo mdogo, yaani sehemu ya kati yenye rangi iliyokolea, na kwa hiyo uimara wake ni mdogo kuliko sifa zake.

Mvule unastahimili mvua na mchwa, na mafundi wa pwani wameutumia kwa vizazi. Mninga una sifa ya kutulia: haupindi ovyo hali ya hewa inapobadilika. Mkongo, ambao Kenya huitwa mbambakofi, ni mzito na imara, na umetumika sana kwenye milango ya kuchonga ya mwambao. Hii yote ni miti ya asili inayochelewa kukua na imekatwa sana. Muulize muuzaji mbao zimetoka wapi na kama ana kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Mwenye biashara halali hachukizwi na swali hilo.

Paina, kwa mfano zile za Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu, lakini zikiachwa nje bila dawa huoza na kuliwa upesi. Zile zilizotiwa dawa ya kijani zinadumu, ila baadhi ya dawa hizo zina arseniki. Zitumie kwenye kenchi za paa, si kwenye meza ya chakula, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kama kuni.

Katika mbao yoyote, tazama rangi ya ncha iliyokatwa. Sehemu ya kati yenye rangi iliyokolea ndiyo moyo wa mti, na uimara wote uko hapo. Pembeni kuna ukanda mweupe au wa manjano. Ukanda huo ni laini na wadudu wanaupenda, hata kama mti wenyewe ni mvule au mninga. Wauzaji wengine huupaka rangi ya kahawia ukafanana na moyo, ndiyo maana ni bora kuiona mbao kabla haijapakwa chochote.

*Chuma.* Bomba la mraba la chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea na ni imara, lakini kwenye hewa ya chumvi linaoza kutoka ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Chuma kilichopakwa zinki ni bora, kwa sharti moja: moto wa kuchomelea huunguza zinki, hivyo kila kiungo kilichochomelewa kinabaki uchi. Fundi lazima akisugue na kukipaka rangi yenye zinki kabla ya rangi ya juu. Viti vingi vinavyoanza kushika kutu kwenye kona tu, na huku mabomba yake bado ni safi, vina kasoro hiyo.

*Aluminiamu.* Haishiki kutu kama chuma, ni nyepesi, na ikipakwa rangi ya unga iliyookwa kwenye tanuri inavumilia pwani. Nenda dukani na kisumaku kidogo. Kisumaku kikinasa, hiyo si aluminiamu, hata muuzaji aseme nini. Kijaribu pia kwenye skrubu: skrubu za chuma cha kawaida zikikutana na aluminiamu penye maji ya chumvi, metali hizo mbili hulana, na matundu yanatanuka hadi kiti kinalegea.

*Henzirani na ususi wa plastiki.* Henzirani ya asili ni nzuri sebuleni. Ikinyeshewa huota ukungu na kukatika. Ususi wa plastiki unaofanana nayo hutofautiana sana kwa ubora. Ule wa polithini unabaki laini. Ule wa PVC hukauka kwa jua na kupasuka. Pinda uzi mmoja kwa kidole sehemu iliyojificha, chini ya kiti: ukiacha mstari mweupe pale ulipopinda, uache dukani. Uliza pia fremu iliyo ndani ya ususi ni ya nini, kwa kuwa huioni na ndiyo inayokubeba.

*Plastiki.* Kiti cha plastiki cha kawaida hakina aibu yoyote. Hakiozi, kinapangwa juu ya kingine, na siku ya shughuli kinaokoa. Lakini jua humaliza plastiki isiyo na kinga. Ukipitisha kiganja na kikatoka na vumbi jeupe, kiti hicho kimeanza kufa na kinaweza kukatika mguu mtu mzima akikiegemea.

*Teraso na kioo.* Meza ya teraso iliyojengwa hapo hapo haihofii mvua wala mchwa, na inapendeza sana uani, ila haihamishiki na juani inachoma mikono. Meza ya kioo lazima iwe na kioo kilichokomazwa kwa moto, ambacho kwa kawaida huwa na muhuri mdogo kwenye kona. Kioo cha dirisha kikivunjika hutoa vipande vya kukata, na mezani hukaa watoto.

Hatua ya 4: Kagua viungo

Pindua kiti miguu juu. Kwenye kiti kizuri cha mbao, ncha ya ubao mmoja imechongwa ulimi ukaingia ndani ya tundu la ubao mwingine, ukabana. Kwenye kiti cha haraka, mbao mbili zimekutanishwa tu na kupigwa misumari. Nje, mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Kila mara inapofanya hivyo msumari unalegea kidogo, na haurudi.

Uliza aina ya gundi. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Kwa nje inahitajika gundi isiyopitisha maji, au epoksi. Skrubu na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ukiwa karibu kabisa na bahari, omba daraja la 316, ambalo linastahimili chumvi kuliko 304.

Uso wa meza usiwe ubao mmoja mpana uliobanwa kila upande. Mbao hutanuka kwa upana, si kwa urefu, na ikikosa pa kwenda inapinda au inapasuka. Meza ya vipande vyenye nafasi ya milimita 5 hadi 8 kati yake inapumua na kuchuruzisha maji. Jaribu: mwaga kikombe cha maji juu ya meza na juu ya kiti. Yakitoweka yenyewe, fundi alifikiria mvua. Yakibaki kwenye kibonde, hapo ndipo ukungu utakapoanzia.

Mwisho tazama nyayo za miguu. Ncha ya mbao iliyokatwa hufyonza maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya ubao. Iwe imezibwa kwa epoksi au rangi nzito, na chini yake pawe na raba inayoinua mguu kutoka sakafuni.

Kisha fanya majaribio mawili ya mwili. Shika meza kona moja uisukume huku na huku: isicheze, isilie. Kaa kwenye kiti, egemea kwa uzito wako wote, jisogeze kushoto na kulia. Kiti kinacholia kikiwa kipya hakitanyamaza kikizeeka.

Hatua ya 5: Kaa, na ukae kwa muda

Uimara bila raha ni hasara, kwa kuwa kiti kisichokalika watu watakihama. Kwa watu wazima, kiti kiwe na urefu wa sentimita 43 hadi 46 kutoka sakafuni, na meza sentimita 72 hadi 76. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo yenye uzito: sentimita 28 hadi 30. Ikiwa ndogo zaidi, mapaja yanabanwa. Ikiwa kubwa zaidi, mabega yanapanda na mlo haujaisha umechoka. Ukipanga kuweka takia, pima likiwa limekaliwa.

Angalia pia ubao unaozunguka chini ya meza. Kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa chini usipungue sentimita 62, la sivyo viti vya mikono havitaingia na watu wanene watapata shida.

Kina cha kiti kiwe sentimita 40 hadi 45. Ukikaa mgongo umeegemea, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Ukingo wa mbele uwe umeviringwa. Ukingo mkali hubana damu isipite vizuri miguuni. Egemeo lilale nyuma kidogo, lisisimame wima.

Nenda na wazee wa nyumbani, au angalau upime kiti wanachokipenda. Bibi au babu mwenye magoti mabovu anahitaji kiti chenye mikono imara ya kujiinulia na kisicho kifupi. Viti viwili vya namna hiyo kwenye seti vinatosha kumfanya akae na wenzake hadi mazungumzo yaishe.

Fikiria na uzito. Uso wa mvule wa sentimita 180 kwa 100, unene wa sentimita 3, una karibu kilo 35 peke yake, kabla ya miguu. Meza hiyo haipeperushwi na kusi, ila haihamishwi na mtu mmoja. Viti ndivyo viwe vyepesi, mtoto wa shule aweze kuvibeba.

Hatua ya 6: Matakia

Takia zuri la nje ni lile linalokauka. Sponji ya kawaida ikilowa hubaki na maji katikati kwa siku kadhaa, kisha inanuka. Ipo sponji yenye matundu makubwa inayopitisha maji haraka. Usipoipata, tumia sponji ngumu ya sentimita 5, shona upande wa chini kwa kitambaa cha wavu, na uweke zipu ili ganda lifuliwe.

Kitenge na khanga vinapendeza, lakini juani rangi zake hupauka upesi. Vitumie kwa mito midogo unayoiingiza ndani kila jioni. Kwa matakia yenyewe chagua kitambaa cha akriliki au poliesta nzito ya nje. Shona na kamba za kufungia, na tenga kabisa sanduku au kabati karibu na mlango la kuyahifadhi. Yasipokuwa na mahali pake, yatanyeshewa.

Hatua ya 7: Ukiagiza kwa fundi, andika

Keko jijini Dar es Salaam, kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi na kwenye karakana za kila mji wapo mafundi wanaoweza kutengeneza seti bora kuliko ya kuletwa na meli, wakipewa maelezo kamili na muda. Maneno ya mdomo husahaulika. Andikianeni:

- aina ya mbao, na kwamba ni moyo tupu, bila ukanda mweupe;
- unene wa mbao baada ya kupigwa randa, kwa sababu randa hupunguza;
- vipimo vya meza, kiti na tofauti ya urefu kati yake;
- aina ya kiungo, gundi na skrubu;
- kwamba utaiona kazi kabla ya kupakwa chochote;
- malipo kwa awamu, na salio baada ya kuikalia.

Ukavu wa mbao utaje wa kwanza. Mbao iliyoanikwa ipasavyo hewani hufika unyevu wa karibu asilimia 12 hadi 18, kulingana na mahali. Kama fundi hana kipimo, bandika ubao shavuni: mbichi una ubaridi wa majimaji na ni mzito kuliko mwenzake wa aina hiyo hiyo. Mwombe pia akutengenezee kiti kimoja cha mfano. Kikalie, kirekebishwe, ndipo afanye vilivyobaki.

Hatua ya 8: Tunza seti kabla haijaharibika

Vanishi ya kung'aa inavutia dukani, ila juani hupasuka, maji huingia chini yake, na kuiondoa yote ni kazi ya siku nzima. Mafuta ya mbao ni rahisi zaidi: osha, acha ikauke kabisa, piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, paka kwa kitambaa, futa yanayobaki. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Matambara yenye mafuta ya linsidi usiyakunje na kuyarundika, maana hupata joto yenyewe na kuweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Msaji ukiachwa bila mafuta hugeuka kijivu. Hiyo ni rangi tu, uimara unabaki. Kwa samani za aluminiamu na chuma, suuza kwa maji baridi kila wiki au mbili kuondoa chumvi, na gusa kila mkwaruzo kwa rangi mara uuonapo. Kaza bolti kila baada ya masika. Ukifunika seti, turubai lisiguse ardhi. Acha hewa ipite, la sivyo unafunika unyevu pamoja na meza.

Fedha isipotosha kununua vyote kwa pamoja, usishushe ubora wa kila kitu ili seti ikamilike. Anza na meza na mabenchi mawili ya mbao nzuri yenye viungo imara, na viti viwili vya mikono kwa ajili ya wazee. Viti vingine viongezwe mwaka unaofuata kwa fundi yule yule na kwa vipimo vile vile mlivyoandikiana. Matakia na mwavuli vije mwisho: hivyo vinabadilishwa kirahisi, lakini kiungo kibovu hakirekebishwi kwa urembo.